Jikoni Kenya, Zizini Tanganyika

Homa Bay,
9 Juni 1963

Kwa mdogo wangu Rispa, na kwa shemeji Wangwe anayechungulia begani kwako,

Mimi ni mzima, ziwa lipo palepale, na omena, wale dagaa wetu, bado wananuka. Naandika Kiswahili kama tulivyopatana siku ya arusi yenu, ili Mkuria wetu asibaki akikikodolea macho Kikisii chetu. Barua inayoingia nyumbani kwenu ni ya watu wawili. Sina neno la kumwambia dada yangu ambalo shemeji hawezi kulisikia.

Sasa kaeni chini. Jumatano iliyopita wakubwa wa nchi tatu walikutana Nairobi wakatia sahihi kwamba kabla mwaka huu haujakwisha, Kenya, Tanganyika na Uganda zitakuwa nchi moja. Shirikisho la Afrika ya Mashariki. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga chapa barua ya kuwaarifu machifu, nakala ishirini. Serikali moja, bendera moja. Ule mpaka uliopita katikati ya boma lenu utakufa kwa uzee. Wangwe, lile jiwe lao la mpaka utalitia kwenye msingi wa nyumba.

Jambo la pili ni langu. Bwana D.C. amekubali mwishowe kwamba sitafanya kazi Jumamosi. Nimelipigania miaka miwili. Wenzangu wananiita Bwana Sabato na wanasema Wasabato ni wavivu wenye Biblia, lakini nafidia kwa kukaa ofisini saa moja zaidi kila jioni, na siku ya Bwana ni yangu. Baba angekuwa hai angefurahi.

Mtoto akizaliwa nipelekee habari mara moja. Nimekwisha nunua blanketi.

Kaka yako,
Barnabas Osoro

*

Isebania,
30 Juni 1963

Kaka Barnabas,

Mtoto amezaliwa, ni wa kiume, na mama yake yu hai na anakula kama fundi. Amezaliwa jikoni, maana maji yalivunjika nikiwa nasonga ugali, kwa hiyo mpwa wako ni mtu wa Kenya. Angalichelewa kidogo ningalikuwa nimevuka kwa mama mkwe, naye angalikuwa Mtanganyika. Unajua boma letu lilivyo. Jikoni ni Kenya, zizini ni Tanganyika, nyumba ya mama mkwe iko hatua mia mbili ng'ambo. Nikikosa chumvi navuka nchi.

Wangwe aliposoma barua yako aliisoma mara tatu. Kisha akatoka, akaenda kwenye jiwe la mpaka, akalipiga teke, akarudi akichechemea. Tangu siku hiyo analitumia kufungia ndama. Kule joshoni anakoogeshea ng'ombe wa watu dhidi ya kupe, amewatangazia wote, wa huku na wa kule, kwamba mambo ya kuuliza ng'ombe huyu anatoka upande gani yamekwisha.

Na jina amelitoa yeye. Mtoto anaitwa Shirikisho. La babu yake lipo pia, Ryoba, lakini la kuitwa ni Shirikisho. Mchungaji aliuliza kama huyo alikuwa nabii. Wangwe akamjibu kwamba bado, ila mambo yakienda vizuri atakuwa.

Lete blanketi.

Dada yako,
Rispa Nyamoita

*

Homa Bay,
16 Februari 1964

Rispa na Wangwe,

Uhuru umekuja na mimi nimepanda cheo. Kuna fomu mpya za uraia, na wilaya nzima zinapitia kwangu. Nimepewa kabati la chuma, kitabu kikubwa, muhuri, na ufunguo mmoja tu ambao nalala nao shingoni. Aliyezaliwa Kenya na mzazi wa Kenya ni raia bila kujaza kitu. Aliyezaliwa nje lakini anakaa hapa amepewa miaka miwili tangu Uhuru ajiandikishe.

Kwa hiyo Rispa wewe ni raia, Shirikisho ni raia, na shemeji yangu, kwa kuwa mama yake alimzalia ng'ambo na baba yake naye alizaliwa hukohuko, ni mgeni katika jiko la mkewe. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka tarishi akaja kuniangalia.

Usijisumbue nayo, shemeji. Anayejaza anaapa kuukana upande wa pili. Ya nini kuapa dhidi ya zizi lako wakati Shirikisho liko mlangoni? Limechelewa kidogo tu. Itakuwa kama mtu aliyebisha hodi kwake mwenyewe. Subira huvuta heri.

Wenu,
Barnabas

*

Isebania,
3 Mei 1964

Kaka,

Huku joshoni ilikuwa kama sikukuu. Wametangaza redioni kwamba Tanganyika na Unguja wameungana. Wangwe amesema dalili ya mvua ni mawingu, wameanza hao, sisi tutafuata kabla ya mavuno. Alinunua sukari kilo nzima akawapikia chai wenye ng'ombe.

Mimi sikunywa kwa furaha, nitakwambia kwa nini. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Mayaka, ana shemeji yake wa Sirari, ng'ambo, aliyeajiriwa barabarani huku, na huyo amejaza fomu. Bwana Mayaka aliniambia hivi: "Mwalimu Rispa, karatasi haiozi. Jazeni." Nilipomwambia Wangwe, alisema kitovu chake kimezikwa ng'ambo na hawezi kuapa kukikana. Kisha akasema kwamba lakini akiambiwa na shemeji, atajaza, kwa sababu shemeji ndiye mtu wa ofisi na anaona karatasi ambazo sisi hatuzioni.

Basi umesikia. Atafanya utakalosema. Kazi ya joshoni ni ya serikali ya wilaya, na bila hiyo tuna mshahara wangu mimi ambao haumtoshi hata paka. Usiniandikie siasa. Niandikie neno moja: ajaze au asijaze?

Mwanao hajambo, ameota meno mawili, ananiuma.

Rispa

*

Homa Bay,
17 Mei 1964

Asijaze.

Barnabas

*

Isebania,
21 Novemba 1965

Kaka Barnabas,

Hii ni barua yangu ya tatu tangu Agosti. Kama huzipati, posta ya Migori ina wezi. Kama unazipata, basi wewe ndiye mwizi, maana unaniibia usingizi.

Waraka umekuja joshoni. Kuanzia Januari wataogeshwa ng'ombe wa raia peke yao, na msimamizi wa josho lazima awe raia. Siku umesomwa, mzee mmoja wa ng'ambo alikuwa amekwisha leta ng'ombe wake kumi na wanane, akauliza kwa ile sauti yao ya kupigia ng'ombe kelele: "Kwani hii kupe iko na pasipoti?" Watu walicheka. Wangwe hakucheka. Aliwaogesha wale kumi na wanane, akafunga lango, akaja nyumbani akakaa juu ya lile jiwe mpaka nikamwita kula.

Shirikisho limekwenda wapi? Silizungumzii la kwangu, hilo liko hapa linavuta mkia wa mbwa. Naliulizia lile lako. Redio siku hizi haitaji hata jina lake. Hakuna aliyetuambia kwamba limekufa, wala hakuna aliyetuita matangani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu linauma.

Miaka miwili inaisha tarehe kumi na mbili Desemba. Wangwe amekubali kujaza, na kuapa ataapa. Alikwenda kumwomba mama yake radhi kwanza, yule mama akalia, kisha akamtemea mate ya baraka kifuani. Tuambie lini aje.

Rispa

*

Homa Bay,
28 Novemba 1965

Rispa na Wangwe,

Nisamehe, nilizipata zote. Nilikuwa natafuta maneno.

Fomu naiweka ndani ya bahasha hii. Wangwe aje nayo Ijumaa tarehe kumi, mapema. Tarehe kumi na mbili ni Jumapili na tena sikukuu, kwa hiyo usihesabu siku hiyo. Nitampigia muhuri mimi mwenyewe na kumwandika kitabuni, na mwezi wa kwanza atakuwa na cheti chake.

Msiogope. Bado tuna nafasi.

Barnabas

*

Homa Bay,
14 Desemba 1965

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Wangwe mwenyewe, naye atakueleza. Mvua imeharibu barabara. Gari lilikwama Uriri, wakalala huko, wakakwama tena, akafika kwangu jana Jumatatu asubuhi. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa amri kutoka juu. Nilisema naye Bwana D.C., nikamwomba hadi nikaona haya, akasema sheria ni sheria. Laiti angefika hata Ijumaa jioni.

Nitaendelea kujaribu. Msivunjike moyo. Nimemnunulia Shirikisho viatu.

Barnabas

*

Isebania,
9 Januari 1966

Kaka,

Viatu ni vikubwa, atavikuta mbele.

Barua yako tuliisoma pamoja kama kawaida, taa katikati. Wangwe alipofika pale unaposema gari lilikwama mpaka Jumatatu, aliupitia mstari huo kwa kidole. Kisha akaikunja kufuata mikunjo yake ileile, akasema, "Ndiyo. Nilichelewa."

Nilimkasirikia, Barnabas. Nakuambia wewe kwa sababu najua atasoma, na nataka asome. Alitoka hapa Alhamisi. Kutoka Uriri mtu aliye na miguu na haja anafika. Nilimwambia kwamba ng'ombe wa watu wakiwa na kupe ana haraka, lakini kwa ajili ya mkewe na mtoto wake haraka hana. Alichukua ndoo akaenda kukamua.

Tangu tarehe mosi josho lina mtu mwingine. Kijana kutoka Rodi Kopany, mpole, hajui hata kupima dawa. Wangwe alikwenda siku ya kwanza akamwonyesha, akarudi.

Asante kwa kujaribu. Wewe angalau ulikuwa ofisini kwako.

Rispa

*

Isebania,
9 Oktoba 1966

Kaka Barnabas,

Wangwe alikamatwa Jumanne, tarehe 20 Septemba. Alikamatwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua hindi la kuchoma kumpa mtoto. Walikuwa askari wawili na karani mmoja. Karani aliuliza kama anayo karatasi ya kukaa Kenya. Wangwe akamwambia, "Niko kwangu." Karani akatoka nje, akaliangalia jiwe, akaliona limefungiwa ndama, akasema hilo pia ni kosa.

Alikaa ndani siku tisa hapo Migori. Walipomwachia alitia kidole kwenye karatasi kwamba asipatikane tena upande huu. Mimi nilionywa kwamba mwalimu wa serikali akimficha mgeni, kazi hana. Kwa hiyo sasa mume wangu anakaa kwa mama yake. Mchana anafanya kazi zizini, mimi niko jikoni, tunaonana. Nikipika, Shirikisho anabeba sahani ya baba yake anavuka nayo. Ana miaka mitatu, anatembea polepole ili mchuzi usimwagike.

Jirani wananiambia, mwanamke, si hatua mia mbili tu? Wanafikiri umbali unapimwa kwa miguu. Yeye hataki kabisa kuvuka. Anasema hataki kuwa yeye aliyenikosesha kazi, inatosha alivyokwisha nikosesha.

Ulisema utaendelea kujaribu. Umefikia wapi?

Rispa

*

Homa Bay,
30 Oktoba 1966

Mdogo wangu,

Sina la maana la kukuambia. Nimeandika Nairobi mara mbili. Nakupelekea sabuni, majani ya chai na daftari za mtoto. Krismasi sitaweza kuja, kazi ni nyingi.

Barnabas

*

Isebania,
18 Juni 1967

Kaka,

Tarishi wa ofisi yako aliyepokea simu yetu alituambia kwamba uko safarini, kwa hiyo tulizika bila wewe.

Ilikuwa homa ya tumbo. Ilianza kama malaria, akanywa mitishamba ya mama yake wiki nzima. Nilipovuka kumwona alikuwa ametoka rangi. Nilimwambia tumpeleke hospitali huko kwako, gari la Bwana Mayaka lipo, tutamfunika blanketi, nani atamuuliza mgonjwa karatasi? Alikataa. Nililia mbele yake, akakataa. Alisema, "Nilitia kidole. Wakikukuta nami garini, mtoto atakula nini?" Ndugu zake wakaanza kutengeneza machela wampeleke Tarime. Kamba zilikuwa bado zinasokotwa alipokata roho.

Amezikwa karibu na zizi. Nikikaa jikoni mlango ukiwa wazi naliona kaburi. Nikiwa Kenya namwona aliye Tanzania, hakuna anayeniuliza.

Nataka kukwambia jambo moja ambalo sitamwambia mchungaji. Sikumsamehe. Mwaka mmoja na nusu nilimpikia, nikamfulia, nikamtuma mtoto kwake, lakini moyoni nilikuwa nimeweka lile la Uriri, kwamba alichelewa. Siku ya mwisho aliniangalia kama mtu anayengojea neno. Nililijua ni neno gani. Nikaona nitalisema kesho, akipata nafuu.

Rispa

*

Isebania,
14 Julai 1968

Barnabas,

Jana mama mkwe alinikabidhi sanduku la Wangwe. Ni lile la bati. Kwao mwaka lazima upite kwanza. Lilikuwa na suruali mbili, ovaroli la joshoni, barua zako zote zikiwa zimefungwa kwa uzi, na fomu.

Fomu imejazwa kila mahali kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Mahali pa kuzaliwa ameandika jina la mama yake, kwa sababu ndivyo wanavyosema Wakuria, mtu huzaliwa kwa mtu. Kisha amelikata, akaandika Tanganyika. Nchi ninayoikana: amekaza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Chini kuna sahihi yake, na hapo pameandikwa Homa Bay, tarehe 11 Desemba 1965.

Mimi ni mwalimu, nina kalenda. Tarehe kumi na moja ilikuwa Jumamosi.

Na pembeni kuna mwandiko wa mtu mwingine, wa penseli. Umekwisha fifia, nimeupeleka mlangoni kwenye jua ndipo nikausoma: "Ufunguo wa kabati anao Bw. Osoro. Yuko kanisani."

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza ulimwambia nini alipokuja huko kanisani, maana namjua Wangwe, alikuja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikitafuta kiroboto kwenye nguo ya mume wangu.

Rispa Nyamoita

*

Homa Bay,
28 Julai 1968

Rispa,

Nimeandika barua hii mara saba. Hii ya saba ndiyo fupi kuliko zote, kwa sababu nimetoa yote yaliyokuwa ya kujitetea. Kama nimesahau kutoa jingine, lipuuze.

Alikuja. Gari lilikwama Uriri kweli, usiku wa Alhamisi na mchana wote wa Ijumaa. Likafika Rodi Kopany Ijumaa usiku likagoma kabisa. Alilala kwenye baraza ya duka, akaondoka alfajiri kwa miguu. Ofisini alifika saa mbili na nusu Jumamosi. Karani wa zamu alimpokea vizuri, akamwangalizia fomu, akasema haina kasoro, ila muhuri na kitabu vimo kabatini na ufunguo ninao mimi. Ofisi za Jumamosi hufungwa saa sita.

Alikuja kanisani. Nilikuwa mbele nafundisha Shule ya Sabato, watu kama sitini. Alisimama mlangoni kofia mkononi, tope mpaka magotini. Nilitoka. Aliniambia, "Shemeji, leo ndiyo siku." Ufunguo ulikuwa hapa shingoni, chini ya tai. Kutoka kanisani hadi ofisini ni mwendo wa robo saa.

Nikamwambia leo ni Sabato. Nikamwambia Jumatatu itafaa, kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumapili hakuna serikali inayofunga kitabu Jumapili. Nilikuwa sijui kama ni hivyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, ile mliyozoea.

Unajua nilichoogopa? Sikumwogopa Mungu. Ningekuwa nilimwogopa Mungu ningekuandikia leo kwa amani. Niliogopa kwamba yule karani wa zamu angesema, kumbe Bwana Sabato anaweza kufungua kabati Jumamosi likija jambo la shemeji yake, na ruhusa yangu niliyoipigania miaka miwili ingekwisha. Niliogopa kuchekwa. Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato tumeruhusiwa kumtoa, nimelifundisha hilo mara ngapi, na mbele yangu alisimama mtu wa ng'ombe.

Hakubishana. Alikaa benchi la nyuma akasikiliza mahubiri mpaka mwisho, akiwa na tope lake. Jumapili mlango mkubwa wa ofisi ulifungwa kwa sikukuu. Jumatatu tulikuwa mlangoni kabla ya D.C. kufika, na mengine uliyasoma. Nilipoandika ile barua nilimpa aichukue ikiwa wazi, bila kuifunga. Nilitaka aisome njiani, anikasirikie, akueleze mwenyewe. Hakuisoma njiani. Aliisoma nawe, na akanibebea lawama.

Kuna jingine. Ile Mei uliponiomba neno moja, wiki ileile nilikuwa nimepiga chapa barua inayosema kwamba Shirikisho halitakuwa mwaka huo, na hakukutajwa mwaka mwingine. Nilikwisha waahidi. Nilishindwa kurudi mbele ya shemeji yangu nikasema nilidanganyika. Tena nilikuwa nalipenda, Rispa. Nililipenda lile jambo kuliko nilivyowahi kupenda kitu, na mtu anayependa hakubali kuitwa matangani.

Nimeacha kazi ya kabati. Si toba, walinihamisha. Usiposema nami tena nitajua kwa nini.

Barnabas

*

Isebania,
12 Januari 1969

Barnabas,

Nilitaka nisikujibu kabisa, na miezi mitano nimeweza. Naandika kwa sababu ya mtoto.

Ameanza darasa la kwanza. Ana miaka mitano na nusu tu, lakini shule ni yangu na nyumbani hakuna wa kumwachia. Daftari la majina naliandika mimi. Nilipofika kwake nilikaa na kalamu muda mrefu. Watoto wa jirani wanamwita Shiri, hawajui maana yake, hata yeye hajui. Mwezi uliopita aliniuliza Shirikisho ni nini. Nikamwambia ni kitu ambacho baba yako na mjomba wako walikingojea. Akauliza kama kilikuja na basi. Nikamwambia lilikwama.

Mwalimu mkuu alishauri nimwandike Ryoba peke yake, asije akachekwa ukubwani. Nimekataa. Nimeandika yote mawili, Shirikisho Ryoba Wangwe. Hilo jina mtu mmoja alilitoa kwa moyo mweupe, na yeye ndiye pekee katika sisi watatu ambaye hakusema uongo juu yake.

Kuna karatasi nyingine, ya kuthibitisha kuzaliwa kwake, ambayo inatakiwa ofisini Migori. Haina haraka, wametupa mpaka Aprili. Nilimbeba nikaenda nayo jana. Jana ilikuwa Jumamosi. Tulipita mbele ya kanisa letu wakiwa wanaimba, na mke wa mchungaji aliniona, na nilimwamkia. Mahali pa kuzaliwa nimeandika: jikoni, Kenya. Karani alitaka kulifuta lile neno la kwanza, nikamwomba aliache. Amepiga muhuri.

Sijaungama, na sitaungama.

Nawe nimejaribu kukusamehe, sijaweza, na sitakuambia nimeweza ili ulale. Huenda nikaweza. Nilijifunza kwa Wangwe kwamba mtu asingojee akipata nafuu ndipo amwambie, kwa hiyo nakuambia hili lililopo leo: mwanangu hana mjomba mwingine, na likizo ya Aprili unaweza kuja kumwona. Viatu vile sasa vinamtosha. Ukija utavuka mpaka kaburini, utapiga magoti, na utalisema lile la Jumamosi kwa sauti, mama mkwe akisikia. Mimi la kwangu nimekwisha lisema hapohapo.

Nimefika mwisho ndipo nikaona nimekuandikia Kiswahili, ukurasa mzima, wakati sisi wawili tunayo lugha ya mama yetu. Ni mazoea tu. Nilikuwa naacha nafasi begani.

Rispa